Orodha ya Ndege: Hesabu au Mashindano?

Katika nchi za kaskazini ya dunia, majira ya kuchipua huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Miti iliyokuwa mitupu huvaa majani, wadudu hutoka mafichoni, na mamilioni ya ndege waliokimbilia Afrika wakati wa baridi hurejea kujenga viota. Huko Uingereza, ambako takriban kila jimbo lina chama chake cha watazamaji wa ndege, huo ni wakati wa pilikapilika. Wanachama huamka alfajiri, huning'iniza darubini shingoni, kisha hupita mashambani, misituni na kandokando ya mabwawa wakiandika kila ndege waliyemwona au kumsikia. Majira yakielekea ukingoni hukutana ukumbini, chai huandaliwa, na orodha husomwa.

Mikutano ya namna hiyo ina desturi zake. Aghalabu katibu hutaja aina moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ule ule unaofuatwa na vitabu vya elimu ya ndege, na wanachama hujibu kwa kutaja mahali, tarehe na idadi. Akitajwa shomoro, au kunguru, au ndege yeyote wa vichakani ambaye kila mtu humsikia kila asubuhi, majibu huwa mafupi. "Kama kawaida," husema mmoja, na katibu hupita. Lakini akitajwa ndege aliyepotezwa njia na upepo kutoka Siberia au Marekani, ukumbi hunyamaza. Aliyemwona husimama, huulizwa maswali, hutazamwa kwa husuda kidogo, na habari yake huingia katika taarifa ya mwaka. Mwenye orodha ndefu kuliko wenzake hupigiwa makofi.

Makofi hayo yanastahili kuchunguzwa, kwa sababu mtindo huo haukubaki Uingereza. Tangu kuanzishwa kwa Wildlife Clubs of Kenya mwaka 1968, na baadaye klabu za Malihai huko Tanzania, wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wamepelekwa porini wakiwa na daftari na kalamu. Mwalimu anayetaka kuwatia hamasa huona ni jambo jepesi kutangaza zawadi kwa atakayeona aina nyingi zaidi. Nia ni njema, lakini zawadi hiyo imewekwa mahali pasipofaa. Sayansi iliyomo katika orodha za ndege imetoka zaidi katika yale majibu ya "kama kawaida" kuliko katika kimya cha ukumbi kinachompokea mgeni kutoka Siberia.

Asili ya orodha hizi haikuwa mashindano. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1789, alikuwa akiandika mwaka hata mwaka siku mbayuwayu wa kwanza alipofika na siku wa mwisho alipoondoka. Hakuwafuata ndege wa ajabu. Alikaa na wale wa kijijini mwake akawasikiliza, na kwa kusikiliza huko aligundua kwamba ndege wadogo wa rangi ya majani waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu, kila moja na wimbo wake. Ugunduzi huo ulifanywa juu ya ndege ambao wakulima wa Selborne walipita chini yao kila siku.

Baadaye ikaja tamaa ya kuwa wa kwanza. Waingereza wanampenda sana kekeo, yule ndege anayetaga katika viota vya wenzake, kwa kuwa sauti yake huwatangazia kwamba baridi imekwisha. Na kwa miaka mingi watu walishindana kuandikia gazeti la The Times kwamba wamemsikia kabla ya wengine. Februari 1913 barua ilitoka kwa Richard Lydekker, mtaalamu wa wanyama na mwanachama wa Royal Society, akieleza kwamba amemsikia kekeo bustanini, miezi miwili hivi kabla ya wakati wake. Siku chache baadaye ilimbidi aandike barua ya pili. Aliyelia alikuwa kibarua wa waashi waliokuwa wakijenga karibu, naye alikuwa hodari wa kuiga sauti ya ndege huyo. Lydekker anastahili sifa kwa kukiri mbele ya taifa zima. Hata hivyo kisa chake chaonyesha kwamba elimu kubwa haimkingi mtu ambaye sikio lake limekwisha kuamua litakachosikia.

Huyo alikosea tu. Palipo na heshima ya kitu adimu, na hasa palipo na fedha, udanganyifu hauko mbali. Kati ya mwaka 1892 na 1930, eneo dogo la pwani lililo jirani na mji wa Hastings lilijipatia sifa ya kutembelewa na ndege adimu kupita kiasi. Wengi waliletwa wakiwa wamekufa, wakakaushwa, wakauzwa kwa bei kubwa kwa matajiri waliotaka kujivunia ndege aliyeuawa katika ardhi ya Uingereza. Mwaka 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchunguzi wa rekodi hizo. Mtakwimu John Nelder alizilinganisha na rekodi za maeneo ya jirani na za miaka iliyofuata, akaonyesha kwamba tofauti ilikuwa kubwa mno kuweza kuitwa bahati. Mamia ya rekodi yalikataliwa, na aina kadhaa zikafutwa katika orodha ya ndege wa Uingereza. Baadhi zilirudishwa baadaye, zilipoonekana kwa ushahidi halali.

Tangu mwaka 1959 Waingereza wamekuwa na kamati maalumu ya kupima madai ya ndege adimu. Mwenye dai huandika maelezo kamili ya alichokiona, naye aweza kukataliwa hata akiwa mtu mashuhuri. Hilo ni jambo la kuigwa. Wala si haki kumdharau mpenda ndege adimu, kwa maana hamu yake ndiyo inayomtoa kitandani saa 11 alfajiri na kuyanoa macho yake, na mtu asiyeweza kumtofautisha mgeni na mwenyeji hawezi kumhesabu mwenyeji huyo sawasawa. Lakini ndege mmoja aliyepotea hasemi neno juu ya hali ya nchi. Alifika kwa ajali, na mara nyingi atakufa hapo hapo bila mwenzi.

Hesabu ya namna nyingine ilianza mwaka 1962. Wakati huo wakulima wa Uingereza walikuwa wakitumia madawa mapya ya kuua wadudu, na wasiwasi ulikuwa umeenea kwamba ndege nao wanakufa. Swali likawa: je, ni kweli wanapungua? British Trust for Ornithology, shirika lililoundwa mwaka 1932, liliwaomba wanachama wake wa kujitolea wafanye kazi isiyo na mbwembwe. Kila mmoja alichagua shamba au msitu mmoja, akawa anautembelea tena na tena kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Julai, akitia alama katika ramani mahali alipoimba kila ndege. Mwaka uliofuata alirudi pale pale. Mradi ukaitwa hesabu ya ndege wa kawaida, na jina hilo pengine liliwafukuza baadhi ya wenye darubini za bei kubwa.

Manufaa yake yalionekana mapema. Baridi ya mwaka 1962 na 1963 ilikuwa kali kuliko zote zilizopata kupimwa Uingereza ya kati tangu mwaka 1740, na ndege wadogo walikufa kwa wingi. Hesabu ilionyesha kiasi walichopungua; baada ya miaka michache ikaonyesha kwamba wamerudi. Kwa hiyo watafiti walijifunza kutofautisha pigo la mwaka mmoja na upungufu unaoendelea, jambo lisilowezekana kwa kumbukumbu za kichwani.

Kisha ukaja mwaka 1969. Katika vichaka vya Uingereza huishi ndege mmoja mdogo mwenye koo jeupe na mbawa za rangi ya kutu, mwenye uzito wa gramu 15 hivi. Jina lake la kisayansi lilikuwa Sylvia communis; siku hizi huandikwa Curruca communis, na neno communis katika Kilatini maana yake ni "wa kawaida". Alistahili jina hilo, kwani hapakuwa na kichaka kilichomkosa. Majira ya kuchipua ya mwaka 1969 yalipofika, hakuonekana. Mtazamaji mmoja mmoja angeweza kudhani kwamba kichaka chake kimeharibika, au kwamba ndege wamechelewa. Lakini ramani zilipokusanywa kutoka nchi nzima, jibu lilikuwa moja: kati ya mwaka 1968 na 1969 ndege hao walikuwa wamepungua kwa 77 katika kila 100.

Sababu haikuwa katika vichaka vya Uingereza, ambavyo vilikuwa kama vilivyokuwa mwaka uliotangulia. Ndege hao hukaa miezi ya baridi katika ukanda wa Saheli, kusini ya jangwa la Sahara. Kabla ya kuanza safari ya kurudi kaskazini hawana budi kunenepa, kwa kuwa mafuta ya mwilini ndiyo chakula chao cha njiani watakapovuka jangwa. Hunenepa kwa wadudu na kwa matunda ya miti kama mswaki, mti ule ule ambao vijiti vyake hutumika kusafishia meno kuanzia Senegali mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1968 mvua za Saheli zilianza kukosekana, na ukame huo ukaja kuua mifugo na watu. Mwaka 1974 watafiti wa Kiingereza walichapisha hoja yao: ndege waliotoweka katika vichaka vya Uingereza walikuwa wamemalizwa na ukame wa Afrika. Habari za maafa ya Saheli zilikuwa zimeandikwa katika daftari za watazamaji wa vijijini, nao hawakujua walichokuwa wakikiandika.

Mwenye kusoma aangalie hapa jambo moja. Orodha ya ndege walioonekana haiwezi kuandika ndege asiyekuja. Kama watu wale wangekuwa wakiandika wale tu waliowafurahisha, mwaka 1969 ungepita kama mwaka mwingine wowote, na mtu fulani angepigiwa makofi ukumbini.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1969 kazi nyingine ilianza Afrika ya Mashariki. Katika vilima vya Ngulia, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, taa za hoteli iliyokuwa imejengwa karibuni zilivuta ndege wahamao usiku, hasa usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba. Wataalamu na watu wa kujitolea walianza kuwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwapima, kuwavisha pete ndogo miguuni na kuwaachilia. Miongoni mwa aina tatu zilizonaswa kwa wingi zaidi miaka yote hiyo yumo ndege yule yule wa koo jeupe, ingawa hao wa Tsavo hutoka mashariki zaidi, upande wa Urusi na Asia, na si Uingereza. Uzito wa ndege wa Ngulia, tarehe yake na umri wake huandikwa kila usiku, awe wa kwanza au wa elfu.

Ni nini basi kinachoigeuza orodha kuwa kipimo? Hebu wachukuliwe wanafunzi wawili. Wa kwanza amezungushwa kwa gari siku nzima, kutoka ziwani mpaka mlimani, akarudi na aina 90. Wa pili amepita njia ile ile nyuma ya shule kila Jumamosi, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu asubuhi, akaandika kila ndege aliyemtambua pamoja na idadi yake. Hana zaidi ya aina 14. Orodha ya wa kwanza haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, hata ya kwake mwenyewe ya mwaka ujao, kwa maana haijulikani alisimama wapi kwa muda gani. Ya wa pili yaweza kulinganishwa na ya Jumamosi iliyopita, na ya mwanafunzi atakayemrithi baada ya miaka kumi. Muda, njia na hesabu ya wote ndivyo vinavyoleta tofauti. Hata mtandao wa eBird, ulioanzishwa Marekani mwaka 2002 na ambao siku hizi hupokea orodha kwa simu za mkononi kutoka duniani kote, humwuliza mtazamaji alitumia muda gani, alitembea umbali gani, na kama ameandika ndege wote aliowatambua. Kila Mei, tangu 2015, mtandao huo huwa na siku yake kubwa ambapo nchi hushindana kwa wingi wa aina; waandalizi wake wamejua kuyatumia mashindano bila kuyaachia fomu.

Huko Amerika ya Kaskazini hesabu ya namna hii ilianza mwaka 1966, ikiongozwa na Chandler Robbins. Mhesabuji hupita barabara ile ile kila mwaka, akisimama mara 50 na kusikiliza dakika 3 kila mara. Kazi hiyo inachosha, na haina hadithi ya kusimulia jioni. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha hesabu hizo na nyingine, wakachapisha katika jarida la Science kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, yaani 29 katika kila 100. Waliopungua kwa wingi zaidi si ndege adimu ambao walinzi wa mbuga wamewazungushia uangalizi. Ni jamaa za shomoro, za chiriku na wengineo wa mashambani, wale wa "kama kawaida".

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Huko Maasai Mara, hesabu za tumbusi zilizofanywa kutoka barabarani katika miaka ya 1970 na 1980 zililinganishwa na za miaka ya 2003 mpaka 2005, na ikaonekana kwamba wamepungua kwa zaidi ya nusu. Kisababishi kimoja kikubwa ni sumu inayotiwa katika mizoga ili kuwaua simba na fisi waliokula mifugo. Tumbusi hufika kwa makundi na kufa kwa makundi. Hakuna aliyewahi kusafiri mbali kwenda kumtazama tumbusi kwa uzuri wake. Kama si mtu aliyekubali kumhesabu siku alipokuwa tele, madai ya kupungua kwake yangebaki maneno ya wazee. Na maneno ya wazee, japo mara nyingi ni ya kweli, hayana tarakimu. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa husema kwamba ndege wadogo walikuwa wengi mijini kabla ya kuzagaa kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890. Mtaalamu akiuliza walikuwa wangapi, "wengi" si hesabu anayoweza kuichorea mstari.

Walimu wataleta udhuru wa darubini. Udhuru huo hauna nguvu. Katika mashamba ya Uingereza ndege wengi waliotiwa alama katika ramani walisikiwa kabla ya kuonekana, na shomoro, kunguru, njiwa na tumbusi hawahitaji kioo cha mtu yeyote. Kinachohitajika ni daftari gumu lenye safu za tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya hewa, jina la ndege na idadi, na jina hilo laweza kuwa la Kisukuma au Kigiriama maadamu shule nzima inalitumia kwa ndege mmoja tu. Daftari ni mali ya maktaba ya shule. Asiondoke nalo mwanafunzi anayehitimu, wala mwalimu anayehamishwa.

Mbayuwayu wa Ulaya angefaa kuanziwa. Ana mgongo wa buluu iliyokolea, paji na koo la rangi ya kutu, na mkanda mweusi kifuani; wanafunzi wafundishwe kumtenga na mbayuwayu wakaao Afrika mwaka mzima. Mmoja aliyevishwa pete Staffordshire mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, Desemba 1912, na ndivyo Waingereza walivyopata ushahidi wa pete kwamba mbayuwayu wao huvuka Afrika nzima. Wale wanaoshangiliwa katika vijiji vya Uingereza mwezi wa Aprili wameondoka Afrika majuma machache tu kabla, mvua za masika zinapoanza. Mwanafunzi wa Morogoro au Kitui aweza kuandika mwanzo wa safari ambayo mwenzake wa kaskazini huandika mwisho wake. Ahesabu waliotua katika nyaya za umeme kila asubuhi ya Machi na Aprili, kwa dakika kumi, mahali pamoja. Itafika asubuhi ambapo nyaya zitakuwa tupu. Siku hiyo safu yao isiachwe wazi. Iandikwe sifuri, na ya kesho yake sifuri, mpaka wa kwanza atakaporejea mwezi wa Septemba.